Kijana wangu kashtakiwa kwa ugomvi wa baa: akiri kosa yaishe?

"Mwanangu ana miaka 20, yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Ohio na anacheza futiboli ya Kimarekani kwa ufadhili kamili wa masomo. Wiki mbili zilizopita yeye na wenzake wawili wa timu waligombana na vijana wengine baa. Mmoja wa wale vijana amevunjika taya. Siku ya tatu polisi walimchukua mwanangu, akalala mahabusu usiku mmoja, nikamtoa kwa dhamana. Wamemshtaki kwa feloni, yaani kosa kubwa la jinai. Anasema alirusha ngumi moja tu baada ya kusukumwa. Chuo kimemsimamisha kwenye timu. Mtu mmoja wa pale kwenye timu amemwambia yupo wakili anayeweza kuwasimamia wote watatu, na kwamba wakikiri mapema mambo yataisha upesi wawahi msimu. Mimi nataka niende na mchungaji wetu kwa yule kijana tuombe radhi na tubebe gharama za hospitali, kama tunavyofanya nyumbani. Kaka yangu aliyeko Tanga anasema nimrudishe mtoto nyumbani mpaka mambo yapoe. Tulikuja mwaka 2014 kwa bahati nasibu ya grini kadi, mimi na yeye. Baba yake tuliachana zamani. Mimi nilipata uraia 2021, yeye bado ana grini kadi. Ninachoogopa kuliko vyote ni kufukuzwa nchini. Nifanye nini?"

Pole sana, dada. Mtoto akilala mahabusu, mama naye halali. Nitakujibu yote, lakini naanza na lile uliloliweka mwisho, maana humo umetaja jambo kubwa ukalipita kama la kawaida. Ulipata uraia mwaka 2021. Mwanao leo ana miaka 20. Siku ile unaapa, alikuwa na miaka 16 hivi.

Iko sheria ya Marekani ya mwaka 2000 kuhusu uraia wa watoto, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Inasema mtoto mwenye grini kadi, aliye chini ya miaka 18, anayeishi Marekani katika malezi ya mzazi ambaye ni raia, anakuwa raia siku ileile masharti hayo yote yanapotimia. Haombi, haapi, halipi ada, na wala si lazima ajue. Kama mwaka 2021 mwanao alikuwa akiishi nyumbani kwako, na kisheria malezi yake yalikuwa mikononi mwako, upo uwezekano mkubwa kwamba amekuwa raia wa Marekani tangu siku uliyoapa, na ile grini kadi anatembea nayo bure. Na raia hafukuzwi nchini kwa ngumi ya baa.

Kwa kuwa uliachana na baba yake, wakili atataka kuona jambo la malezi limekaaje. Anza kukusanya leo: hati ya talaka, uamuzi wowote wa mahakama kuhusu nani akae na mtoto, cheti chake cha kuzaliwa, cheti chako cha uraia, grini kadi yake, na rekodi za shule zinazoonyesha anwani ya nyumbani kwako miaka ile. Wakili wa uhamiaji akiridhika, kuna njia mbili za kupata uthibitisho. Moja ni fomu N-600, ambayo ada yake inazidi dola 1,300, inayopelekwa USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani. Nyingine ni kuomba pasipoti ya Marekani, ambayo ni nafuu zaidi, ila kwa mtu mwenye shauri la feloni msiombe kabla ya kumuuliza wakili, kwa sababu amri ya mahakama inayomzuia kutoka nchini inaweza kuikwamisha.

Jambo moja hapa nalikazia. Asimwambie polisi, ofisa wa uhamiaji wala mwajiri kwamba yeye ni raia kabla wakili hajayapitia makaratasi. Kudai uraia usio wako ni kosa zito mno kwenye sheria za uhamiaji, na watu wamefukuzwa kwa hilo peke yake. Akiulizwa alizaliwa wapi au ana hadhi gani, ajibu kwa adabu kwamba atazungumza akiwa na wakili wake.

Nimetanguliza hili kwa sababu nimeona familia zetu zikiamua kila kitu kwa hofu ya kufukuzwa, mpaka kijana anakubali kosa ambalo pengine asingetiwa hatiani. Hata hivyo, usilitegemee mpaka lithibitike. Kuanzia hapa naandika kana kwamba mwanao ana grini kadi tu.

Sasa hili la kwenda na mchungaji. Moyo uliokutuma huko ni mwema, na yule kijana anastahili kuombwa radhi. Taya likivunjika mara nyingi meno hufungwa waya, mtu akaishi kwa vyakula vya majimaji wiki kadhaa, na ana mama yake naye anayelia. Lakini usiende, dada. Usimpigie simu, usimwandikie, usimtume mtu wa kanisani wala rafiki wa rafiki.

Kwetu tumezoea kwamba kesi ya kupigana ni ya aliyepigwa. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Tanzania inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya mtu na mtu yasiyo makubwa. Kenya ni hivyohivyo, na katiba yao ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize njia za usuluhishi. Wazee wakikaa, fidia ikitoka, mlalamikaji akasema amesamehe, faili linafungwa. Ohio haiko hivyo. Hati ya mashtaka inasomeka "Jimbo la Ohio dhidi ya" mwanao. Yule kijana ni shahidi wa Jimbo, na hata akisema amesamehe, hana mamlaka ya kuifuta kesi. Mwendesha mashtaka atamsikiliza, kisha ataamua mwenyewe. Mama wa mshtakiwa akitokea mlangoni na bahasha ya pesa, huku akiongozana na mchungaji, kwa macho yao huyo amekuja kumnunua shahidi. Isitoshe, soma karatasi za dhamana: karibu kila mara huwa kuna amri ya kutowasiliana na aliyeumizwa, wala kwa kupitia mtu mwingine. Mwanao anaweza kurudishwa ndani kwa sababu ya wema wako, nawe ukafunguliwa shauri lako la kuingilia shahidi.

Radhi na fidia zina njia yake. Wakili wa mwanao ndiye anayezungumza na mwendesha mashtaka, na malipo ya hospitali mara nyingi huwa sehemu ya makubaliano. Barua ya kuomba radhi huandikwa kwa wakati wake, wakili akishaisoma, kwa sababu barua iliyoandikwa mapema inasomwa mahakamani kama kukiri kosa. Kumbuka pia kwamba aliyeumizwa anaweza kumdai fidia mwanao kwa kesi ya madai, mbali kabisa na ile ya jinai, na bima nyingi za nyumba hazilipi madhara ya makusudi. Kwa hiyo usiandike popote, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwamba "tutalipa kila kitu".

Umeandika "ngumi moja tu". Nakuelewa, na huenda ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba sheria haihesabu ngumi, inatazama madhara na nia. Ohio, kumpiga mtu ukamuumiza kwa kawaida ni kosa dogo la daraja la kwanza: kikomo chake ni siku 180 jela na faini ya dola 1,000. Ngumi hiyohiyo ikileta madhara makubwa, na ikathibitika kwamba mpigaji alifanya akijua, inakuwa feloni ya daraja la pili. Hapo hukumu ya chini inapangwa kati ya miaka 2 na 8, na sheria inamwelekeza jaji kwenye kifungo. Katikati yake kuna kosa la mtu aliyechokozwa vikali ghafla akapandwa na hasira: feloni ya daraja la nne, miezi 6 hadi 18. Kwa hiyo kilichompandisha mwanao ngazi ni lile taya. Kazi kubwa ya wakili itakuwa kuonyesha kesi hii inastahili kukaa ngazi ipi, kama inastahili kuwepo kabisa.

Na hapo ndipo kule kusukumwa kunapopata uzito. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2019, Ohio ilikuwa jimbo pekee lililomtaka mshtakiwa mwenyewe athibitishe kwamba alikuwa anajihami. Sheria ilibadilika tarehe 28 Machi 2019. Sasa mshtakiwa akishaleta ushahidi wa kutosha kuliibua suala hilo, ni mwendesha mashtaka anayepaswa kuthibitisha, pasipo shaka ya msingi, kwamba hakuwa anajihami. Mabadiliko haya ni makubwa kwa kijana kama wako. Lakini utetezi huo unaanguka kama yeye ndiye aliyeanzisha, au kama aliyemsukuma alikuwa ameshageuka kuondoka ngumi ilipotua. Sekunde mbili au tatu zinaweza kuamua. Tena walikuwa watatu wa timu moja: aliyesaidia anaweza kushtakiwa sawa na aliyepiga, na mashahidi wa usiku, wenye pombe kichwani, huchanganya kwa urahisi nani alifanya nini wanapokumbuka "wale wachezaji".

Ndiyo maana video ni kila kitu, na ndiyo maana haraka inayohitajika leo ni ya kutafuta wakili. Kamera za baa nyingi hujifuta na kurekodi upya baada ya siku chache au wiki chache. Wakili huandika barua baa, maduka ya jirani na hata kampuni za teksi, akiwataka watunze picha za usiku ule. Wiki mbili zimeshapita. Hilo lifanyike kesho. Kwa upande wenu, msifute kitu: si ujumbe, si picha za Snapchat, si nguo wala viatu vya usiku ule. Kuficha au kuharibu ushahidi ni kosa jingine. Kama mwanao ana alama yoyote mwilini, ipigwe picha na aonwe na daktari. Mchezaji wa futiboli aliyegongwa kichwa baa anahitaji kupimwa kichwa hata kama hakuna kesi.

Kesi zinazojulikana zinaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Agosti 2011, siku chache kabla ya msimu, kulizuka ugomvi nje ya baa moja huko Baton Rouge, Louisiana. Jordan Jefferson, kwarterbaki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, alikamatwa pamoja na mwenzake kwa shtaka la feloni. Polisi walipekua kwake wakaondoka na jozi 49 za viatu, wakitafuta kiatu kilichompiga mtu teke. Magazeti yalishamhukumu. Mwishoni mwa Septemba shauri lilipelekwa mbele ya juri kubwa, yaani jopo la raia wanaokaa faraghani kupima kama ushahidi unatosha kumpeleka mtu mahakamani. Baada ya kuwasikia mashahidi, jopo lilimshushia Jefferson shtaka likawa kosa dogo, na mwenzake hawakumshtaki kabisa. Alikuwa amekosa michezo minne ya kwanza. Januari 2012 alicheza fainali ya taifa. Kama angekiri feloni wiki ya kwanza ili awahi msimu, jopo lile lisingekuwa na la kumshushia.

Tallahassee, Florida, majira ya joto ya 2015, wachezaji wawili wa Chuo Kikuu cha Florida State walishtakiwa kwa kuwapiga wanawake katika matukio mawili tofauti ya baa, yaliyopishana kwa muda mfupi. Kwa De'Andre Johnson kulikuwa na video ya ndani ya baa inayoonyesha pigo waziwazi. Ilipotolewa hadharani tarehe 6 Julai, alifukuzwa kwenye timu siku hiyohiyo. Dalvin Cook alikana kosa, akasimamishwa, akaenda mbele ya juri ya kawaida, ile inayoamua kama mtu ana hatia. Tarehe 24 Agosti juri ilimwachia kwa mashauriano yasiyofika nusu saa, na msimu ule akakimbia yadi 1,691. Sikuambii haya ili nikuahidi kwamba mwanao atakuwa Cook. Wale walikuwa nyota wenye mawakili hodari. Ninachotaka ukione ni kwamba hakuna aliyeweza kujua mwisho kwa kusikia masimulizi tu. Ushahidi ulipofunguliwa ndipo njia ilipoonekana, kwa heri au kwa shari. Mwanao bado hajauona wa kwake, na tayari anaambiwa akiri.

Utaratibu wa Ohio nao una hatua zake. Feloni huanzia mahakama ya manispaa, na katika wiki mbili hivi za mwanzo kunatakiwa kuwe na usikilizaji wa awali, isipokuwa juri kubwa iwe imeshatoa hati ya mashtaka. Mara nyingi waendesha mashtaka huenda kwenye juri kubwa moja kwa moja. Humo hakuna jaji, na wakili wa utetezi haingii. Ikitoka hati, shauri linahamia mahakama ya Common Pleas ya kaunti, inayosikiliza feloni. Kwa kuwa wiki mbili zimeshapita, wakili ajue leo lipo hatua gani, kwa sababu mazungumzo mazuri ya kushusha shtaka mara nyingi hufanyika kabla ya jopo kukaa. Sheria inataka mshtakiwa wa feloni afikishwe kwenye usikilizaji kamili ndani ya siku 270, ingawa muda huo husimama pale utetezi unapoomba kuahirisha. Msimu wa futiboli hauingii popote kwenye hesabu hizo.

Kuhusu wakili mmoja kwa vijana watatu, jibu langu ni hapana. Leo wote ni marafiki na hadithi yao ni moja. Kesho mwendesha mashtaka atamwambia mmojawapo: sema nani alivunja taya, nasi tutakushushia. Wakili mwenye wateja watatu hawezi kumshauri mmoja akubali bila kuwaumiza wawili waliobaki. Kila mmoja awe na wake. Na wakili wa chuo, hata awe mpole namna gani, mteja wake ni chuo. Kocha pia si wakili. Aliyoambiwa kocha kwenye chumba cha kubadilishia nguo yanaweza kuletwa mahakamani, vivyo hivyo aliyowaambia wenzake wa timu.

Hata wewe, dada. Najua hili linauma. Mazungumzo ya mtu na wakili wake yanalindwa na sheria; ya mama na mwanawe, katika majimbo karibu yote, hayalindwi. Kinadharia unaweza kuitwa ueleze alichokuambia. Ukikaa ndani ya chumba anapozungumza na wakili, ulinzi ule unaweza kuvunjika. Kwa hiyo mpeleke, lipa kama unaweza, kisha kaa nje. Wakili atamtumikia yeye, si wewe unayelipa, na wakili anayekataa kukusimulia kila kitu anafanya kazi yake ipasavyo. Na endapo mwanao atarudi mahabusu, simu za kule zinarekodiwa. Mwambieni mnampenda, muulizeni kama amekula, basi. Haki ya kukaa kimya iliyotiwa nguvu na kesi ya Miranda ya mwaka 1966 haimsaidii mtu aliyekwisha kujieleza kwa simu.

Sasa nije kwenye "kukiri yaishe", ambako ndiko ninakoogopa zaidi. Ni kweli kwamba mahakama za huku zinaendeshwa kwa makubaliano. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe ilitaja kwamba asilimia 94 ya hukumu za hatia katika mahakama za majimbo zinatokana na watu kukiri. Kukiri si aibu, na huenda mwishowe ikawa njia bora kwa mwanao. Ubaya uko kwenye kukiri bila kujua umekiri nini.

Sheria ya uhamiaji ina tafsiri yake ya hatia, tangu mageuzi ya mwaka 1996. Ukikiri kosa, au ukisema hupingi, na jaji akakuwekea adhabu au sharti lolote, kwa uhamiaji umetiwa hatiani. Haijalishi kwamba jimbo limekuambia "tutalifuta baada ya mwaka ukiwa na tabia njema". Jimbo litafuta, uhamiaji hautafuta. Programu inayomwondoa mtu kwenye kesi kabla hajakiri chochote ni kitu tofauti kabisa, na kwa asiye raia tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atabaki au ataondoka. Kisha kuna urefu wa hukumu. Kosa la kutumia nguvu lenye hukumu ya mwaka mmoja au zaidi, hata kama kifungo chote kimesitishwa na hakwenda jela siku moja, linaweza kuhesabiwa kama feloni nzito ya uhamiaji, ambayo inafunga karibu milango yote ya kuomba abaki. Shambulio la kawaida la Ohio, lenye kikomo cha siku 180, haliwezi kufika huko. Feloni ya daraja la pili inafika. Kuna pia makosa ya uovu wa tabia, yanayomgusa mtu akiyatenda ndani ya miaka 5 tangu aingie. Mwanao aliingia 2014, hivyo kwa kosa moja kipindi hicho kimeshampita, lakini mawili wakati wowote ni hatari.

Usikubali mtu akuambie wakili wa jinai hahusiki na haya. Jirani yenu, Kentucky, José Padilla alikuwa mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40, tena aliitumikia Marekani katika vita vya Vietnam. Wakili wake alimwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, ikawa kesi ya kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumshauri mteja asiye raia kuhusu hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Ohio, jaji naye anatakiwa kutoa onyo hilo kabla ya kupokea maneno ya kukiri. Lakini onyo la jaji ni la jumla na linasomwa haraka. Halimpi kijana ushauri wa kosa lipi akubali na lipi akatae. Mwambie wakili wa jinai, kwa maandishi, azungumze na wa uhamiaji kabla ya ofa yoyote kujibiwa.

Chuo ni uwanja mwingine. Kamati ya nidhamu haingoji mahakama, wala haitumii kipimo kilekile: kwa kawaida inatosha kwao kuona kwamba jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Anachokisema pale kinaweza kufika kwa mwendesha mashtaka, kwa hiyo wakili aombe shauri la chuo lisubiri, na likikataliwa, mwanao ahudhurie bila kujieleza juu ya tukio. Usishangae wakikataa kuzungumza nawe. Sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya rekodi za wanafunzi kwa kawaida inawabana mpaka yeye mwenyewe asaini kibali. Kuhusu ufadhili, kusimamishwa timu si kunyang'anywa ufadhili. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaruhusu kuusitisha kwa utovu mkubwa wa nidhamu, ila mwanafunzi ana haki ya kusikilizwa, na barua wanayompelekea huwa na siku za mwisho za kukata rufaa. Isikae kwenye begi bila kusomwa.

Liko pia swali ambalo hukuliuliza: ana miaka 20, na umri wa kunywa pombe huku ni 21. Aliingiaje, na alikunywa nini? Kama alitumia kitambulisho cha mtu mwingine, hilo ni kosa jingine la kisheria peke yake. Asimwambie mtu yeyote isipokuwa wakili.

Kaka yako wa Tanga anampenda mpwawe, lakini ushauri wake ndio mbaya kuliko yote. Akiondoka, amevunja dhamana, hati ya kukamatwa itatolewa na pesa ulizoweka zitapotea, pamoja na nyumba au gari kama uliviweka rehani kwa mdhamini wa kulipwa. Feloni itamsubiri hata miaka kumi. Na kama bado ni mtu wa grini kadi, uwanja wa ndege atakaporudi ndipo atakapokamatwa. Hata safari ya wiki moja ya harusi asiende bila ruhusa ya mahakama na wakili.

Kama huna pesa za wakili binafsi, aombe wakili wa umma. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Gideon, mwaka 1963, anayeshtakiwa kwa feloni na hana uwezo hupewa wakili bure, na kwa kawaida kinachopimwa ni kipato chake yeye, kwa kuwa ni mtu mzima. Wengi wao wana uzoefu wa mahakama ile kuliko wakili wa bei kubwa kutoka mji mwingine. Mjiepushe na wale wajaza fomu wa mitaani wanaojiita washauri wa uhamiaji. Wapo hata miongoni mwetu, wanaongea Kiswahili kitamu, na hawana leseni ya kumtetea mtu.

Haya niliyoandika hayachukui nafasi ya wakili aliyeshika faili mkononi. Kabla wiki hii haijaisha, mwanao awe ameketi na wa jinai, nawe uwe umempelekea wa uhamiaji makaratasi ya malezi na ya uraia. Mwangalie pia yeye mwenyewe. Kijana aliyezoea kusifiwa na uwanja mzima, ghafla yuko chumbani peke yake na jina lake liko kwenye habari. Akiacha kula, akiacha kulala, au akisema maneno ya kukata tamaa ya maisha, piga 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, saa yoyote, usiku wowote, na usimwache peke yake.